Shafti ya Gari la Maziwa

Waliotuachia methali hii walikuwa na vitanda, hawakuwa na magari. Walijua kwamba kitu kikiviringika na kuingia mvunguni hakitoki kwa kuitwa, wala hakijali anayekitafuta ni tajiri au maskini. Anayekitaka hupiga magoti, huweka shavu karibu na vumbi, kisha hunyoosha mkono. Ndipo wakasema kwamba mwenye haja na jambo hana budi kujishusha na kulitaabikia. Wengi wetu tuliikariri methali yenyewe shuleni kama kasuku, tukapata alama zetu, tukaisahau. Muslimo wa Garissa hakuikariri popote. Yeye alifundishwa na gari.

Muslimo alikuwa mchuuzi wa maziwa ya ngamia, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Akisema amesema. Kila alfajiri alitoka mjini kwa gari lake, akashika barabara ya Dadaab, kisha akaiacha lami na kuingia nyikani. Huko akina mama kumi na mmoja walimngoja wakiwa na mitungi iliyofukizwa moshi ili maziwa yasiharibike haraka. Kiongozi wao aliitwa Timiro. Saa tatu asubuhi maziwa yalikuwa sokoni Garissa, na jioni fedha zilirudi nyikani zikawa unga, sukari na karo. Njia hiyo Muslimo aliianzisha pamoja na marehemu mumewe, Alio, na tangu Alio afariki miaka sita iliyopita, aliilinda kama mboni ya jicho.

Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser kuukuu ya mwaka 1986. Rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Akina mama waliliita Ajuza, na Muslimo hakukasirika, kwa sababu ajuza ni mtu mzima anayejua njia. Alizikariri habari zake kama watoto wa Kisomali wanavyokariri nasaba, baba kwa babu mpaka kizazi cha kumi. Mwaka, namba, nchi iliyounda, mnunuzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, yote yaliandikwa katika kitabu cha gari, na kitabu kilikaa kabatini pamoja na msahafu.

Zamani Ajuza aliendeshwa na Abdijabar, dereva aliyekuwa pia fundi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Miaka miwili baada ya Alio kufariki, Abdijabar alisimamisha gari katikati ya safari, akaingia chini na kukaa huko kwa saa nzima akikagua na kupaka grisi. Jua lilipanda na maziwa yakaharibika. Walipofika sokoni Muslimo alipandwa na mori, akamwambia mbele ya Timiro na akina mama wote, ambao siku hiyo walikuwa wamepanda gari kuja mjini, "Mwanamume mzima, kazi yako kulala chini ya gari kama mbuzi anayekimbia jua!"

Watu waliangua kicheko. Abdijabar hakucheka. "Mama Hani," alisema, akimwita kwa jina la bintiye kama desturi ya heshima, "mvungu wa gari hili una mambo usiyoyajua." Akaweka ufunguo juu ya mtungi, akaenda zake. Baadaye ilisikika kwamba amefungua kibanda cha vipuri vya magari kambini Ifo, huko Dadaab. Tangu siku hiyo Muslimo aliendesha mwenyewe, na chini ya gari hakuangalia tena mtu yeyote isipokuwa fundi, tena kwa dharura.

Basi Jumatano moja, Ajuza alipokuwa akitoka kwenye lagha, yaani mkondo mkavu wa mto, gurudumu la nyuma la kulia lilizunguka likakataa. Ulisikika mlio mmoja mkavu, kama mfupa unaovunjwa. Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji ya Kadar mjini Garissa. Kadar alikuwa fundi wa makamo, na kwa ukoo Muslimo alikuwa shangazi yake, jambo lililomfanya achague maneno.

"Shangazi, ni shafti," alisema, akimwonyesha chuma kirefu kilichokatika. "Hii ndiyo inayolisukuma gurudumu. Nusu hii imetoka. Ncha yake yenye meno imebaki ndani ya difu, lile bonge la katikati. Niruhusu nifungue pande zote mbili niitoe, tuyahesabu meno, ndipo tuagize nyingine."

"Itachukua muda gani?"

"Nusu siku. Na kesho msaidizi wangu anakwenda harusini Wajir."

"Nusu siku ya kuhesabu meno!" Muslimo alisema. "Gari hili nalijua kama ninavyomjua baba yangu. Kitabu kipo. Tutaagiza kwa kitabu."

Mtu asimlaumu haraka. Simu ya Timiro ilikuwa imemfikia saa moja tu kabla. "Abaayo," Timiro alimwambia, yaani dada yangu, "leo maziwa tumewanywesha ndama na watoto. Kesho pia tutawanywesha. Lakini kuna mtu ana lori, ameahidi kuja Jumatatu asubuhi. Sisi tunakutaka wewe. Ila Jumatatu maziwa yatapanda gari litakalokuwepo." Muslimo aliyaelewa maneno hayo barabara. Wafugaji wakishampa mchuuzi maziwa yao, hawamwachi mpaka msimu ugeuke, na msimu ukigeuka huwa wamehamia mbali. Kuikosa Jumatatu ilikuwa kuikosa njia yote.

Alhamisi asubuhi alimpigia muuzaji wa vipuri Nairobi, akamsomea kitabu neno kwa neno. Muuzaji alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, hiyo ya zamani ina meno mangapi?"

"Meno ni ya mbuzi sokoni," Muslimo alijibu. "Wewe nitumie ya mwaka 1986."

Ijumaa baada ya sala shafti ilishuka kutoka kwenye basi, mpya, inang'aa, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Muslimo aliibeba mwenyewe mpaka gereji. Kadar aliichomeka. Ikaingia, ikaingia, ikagonga ndani, ikagoma. Aliizungusha kulia, akaizungusha kushoto. Aliitoa, akaipangusa, akajaribu tena. Mwishowe aliiweka chini taratibu kama mtu anayeweka habari mbaya.

"Si yake, shangazi. Kile kipande cha ndani kinaizuia, lakini hata kikitoka, hii ni nyembamba kuliko ile iliyokatika."

Muslimo alimpigia muuzaji simu akamtolea maneno makali yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi. Alipotulia kuvuta pumzi, sauti ya yule mtu ikasema polepole, "Lakini mama, meno nilikuuliza." Muslimo akakata simu. Uso ulimchoma kwa haya, kwa kuwa mtu yule hakuwa na kosa.

Usiku huo alikichukua kile kitabu cha gari, akakitazama, akakirudisha kabatini. Jumamosi alfajiri baada ya sala alifunga kibwebwe, akavaa baibui kuukuu ambalo hakujali lichafuke, akamkuta Kadar akifungua gereji.

"Fungua pande zote mbili," alimwambia. "Mimi ndiye msaidizi wako."

"Shangazi, watu watasema."

"Waseme. Jumatatu hawatanibebea maziwa."

Kadar alipandisha gari kwa jeki na kuliegemeza juu ya magogo. Akatandika gunia. Muslimo alipiga magoti, akajilaza chali, akajivuta kwa viwiko mpaka difu ikawa juu ya uso wake. Wapita njia walisimama. Mzee mmoja aliyekuwa akipeleka mbuzi malishoni alitikisa kichwa, akaendelea na mbuzi wake. Muslimo alikinga beseni mafuta meusi yalipomwagika, mengine yakampata shingoni. Chuma kilinuka, vumbi lilimwingia puani, na goti lake bovu lilimuuma kweli. Alikereka, akajuta kuzaliwa, lakini hakutoka.

Kadar alipitisha nondo ndefu upande wa kushoto, akasukuma. Muslimo alitia mkono upande wa kulia na kukidaka kipande kilipochungulia. Kilikuwa kizito, na ncha yake ilizungukwa na meno. Kisha akatoa tasbihi yake ya shanga thelathini na tatu, akaanza kuhesabu, jino moja, ushanga mmoja. Shanga zilikwisha pamoja na meno. Akarudia kutoka jino alilolitia alama kwa chaki. Thelathini na matatu. Ile mpya ya Nairobi ilikuwa na thelathini.

"Kitabu kimedanganya," alisema.

"Hakikudanganya," Kadar alijibu kutoka upande wa pili. "Kitabu kinaeleza gari lilivyozaliwa. Hakielezi yaliyolipata baadaye."

Muslimo alikuwa akijivuta atoke alipoona kitu. Juu ya bomba la chuma linaloshika shafti, mahali ambapo mtu hawezi kupaona akiwa amesimama, palikuwa na uchafu ulioganda. Kiwiko chake kilikuwa kimeubandua kidogo, na chini yake palikuwa na mistari iliyotuna, iliyochorwa kwa moto wa kulehemu. Aliupangusa kwa ncha ya baibui. Mistari miwili imesimama, mmoja umelala juu yake, na nusu mwezi pembeni.

Ilikuwa chapa ya ngamia wa Alio.

Alilala pale pale akiitazama. Aliijua chapa hiyo kuliko mwandiko wake mwenyewe. Ngamia aliyezaliwa zizini kwao alipigwa chapa hiyo, na ngamia aliyenunuliwa kutoka kwa watu wengine alipigwa hiyo hiyo, ili ijulikane kwamba sasa ni wa nyumba hii hata kama mamaye ni wa mbali. Basi ekseli hii, bomba pamoja na shafti zake, haikuzaliwa na Ajuza. Ililetwa, ikapokelewa, ikapigwa chapa. Alio alijua. Na mkono uliolehemu ulikuwa mmoja tu katika nyumba yao, wa Abdijabar. Miaka minne aliketi juu ya chapa ya mumewe akaendesha, akiapa kwamba gari analijua. Machozi yalimtoka yakachanganyika na mafuta, na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa michafu zaidi.

"Shangazi, umeumia?" Kadar aliuliza.

"La. Kesho nakwenda Ifo."

Jumapili asubuhi alipanda gari la abiria la kwenda Dadaab akiwa amepakata vile vipande viwili vya shafti, amevifunga kwa leso. Kwenye kizuizi askari mmoja alichungulia, akauliza ni mtoto gani huyo aliyelala kimya hivyo. Muslimo alifunua leso. Askari akatazama chuma, akamtazama mwanamke, akawaruhusu wapite. Njia nzima aliwaza jinsi atakavyosema. Wakati fulani alijiambia kwamba angeweza kumtuma Kadar, au kununua kupitia mtu wa tatu, asionane na Abdijabar ana kwa ana. Wazo hilo lilikuwa tamu. Alilifukuza, nalo likarudi, akalifukuza tena.

Kibanda cha Abdijabar kilikuwa katikati ya soko la Ifo, kimezungukwa na springi, matairi na vioo vya magari. Mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kreti, nywele zimeanza mvi. Alipomwona Muslimo aliinuka.

"Salaam aleikum, Abdijabar."

"Wa aleikum salaam, Mama Hani. Hani hajambo?"

"Hajambo. Ajuza ndiye mgonjwa." Akaweka leso mezani.

Abdijabar hakuigusa. Aliuliza kwa sauti ya muuzaji tu, "Upande gani?"

"Kulia."

"Meno?"

"Thelathini na matatu. Nimeyahesabu mara mbili."

"Imekatikia wapi?"

"Shubiri moja na nusu kutoka kwenye meno. Na mahali inapokalia beringi pamelika, si sana. Ya kushoto ni fupi kuliko hii kwa vidole vinne."

Sasa alimtazama. "Nani amekueleza yote haya?"

"Hakuna. Nililala chini yake," Muslimo alisema, "kama mbuzi anayekimbia jua."

Abdijabar alitazama pembeni, akashika ndevu zake. Sehemu ngumu ilikuwa imefika, Muslimo akapiga moyo konde.

"Niliiona chapa," alisema. "Ulitaka kuniambia nami sikukusikiliza. Nilikutukana, na hukustahili. Lakini tusi lile nililisema mbele ya watu, siwezi kuja kulifuta kwa kunong'ona kibandani." Akatoa simu, akampigia Timiro. "Timiro, uko na wenzako? Weka sauti kubwa wasikie wote." Akaiweka simu mezani kati ya springi. "Enyi mama zangu, niko Ifo mbele ya Abdijabar. Siku ile sokoni nilimwambia neno baya, nanyi mkacheka kwa sababu yangu. Yeye alikuwa akililinda gari letu. Mimi ndiye niliyekuwa mjinga. Namwomba radhi, nanyi muwe mashahidi."

Wachuuzi wa vibanda vya jirani walikuwa wamesogea kusikiliza. Kisha sauti ya Timiro ikasikika, "Tumesikia, abaayo. Nasi tuliocheka tunaomba radhi."

Abdijabar alipangusa macho kwa kilemba, akasema kwamba grisi ya siku hizi ni kali. Akavuta kreti ya pili, Muslimo akakaa. Ndipo akamweleza. Mwaka wa ukame mkubwa, ekseli ya zamani ilivunjika ikiwa imebeba maji. Alio alinunua nyingine iliyotolewa kwenye gari la usukani wa kushoto, lililoingia kutoka ng'ambo ya mpaka kupitia Lafey, la aina nzito zaidi. "Yeye mwenyewe aliniambia niichomelee chapa. Alisema, siku yoyote mtu akiingia chini, ajue huyu ni wa kulea. Sikuwaza kwamba yangepita miaka yote hii bila mtu kuingia."

Aliingia nyuma ya kibanda, akarudi na shafti tatu zilizoviringishwa kwa magunia. Ya kwanza ilikuwa na meno sawa lakini fupi. Ya pili ilikuwa ndefu sawasawa, na Muslimo akanyoosha mkono aichukue.

"Bado," alisema Abdijabar. "Ihesabu."

Aliihesabu kwa tasbihi. Ushanga mmoja ulibaki. Akaiweka chini bila kubisha. Ya tatu waliilaza kando ya vipande vilivyounganishwa, wakapima urefu, wakapima unene, wakagusanisha meno na meno. Tasbihi ilikwisha sawia na meno yake. Muslimo alilipa bei aliyotajiwa bila kuipunguza hata shilingi, na wanaomjua hawajaacha kulisimulia jambo hilo.

"Utarudi kuendesha?" alimuuliza.

"La, Mama Hani. Nina kibanda na watoto hapa. Lakini kila Ijumaa ingia chini umwangalie. Nitakupigia simu kukuuliza."

Kabla ya magharibi shafti ilikuwa mahali pake. Iliingia mara moja, ikakaa, na Kadar akacheka peke yake kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Jumatatu jua lilipochomoza, Timiro na wenzake walikuwa kando ya njia na mitungi yao. Ajuza alifika wa kwanza. Hapakuwa na vigelegele. Walisalimiana, wakapakia mitungi yote, wakaifunga kwa kamba. Muslimo alizunguka nyuma kama anayetaka kuangalia kamba, lakini akatandika gunia, akapiga magoti, akajilaza chali, akaingia chini na kopo la grisi. Miguu yake tu ilibaki nje.

"Abaayo, jua linapanda," alisema Timiro.

"Nipe dakika chache," sauti ilijibu kutoka chini, kiganja kikipapasa ile chapa. "Maziwa haya yatafika."

Wakati huo lori la yule mshindani lilitokea likitimua vumbi. Lilipunguza mwendo. Dereva alitazama mitungi iliyokwisha pakiwa, kisha akaona ile miguu, akatoa kichwa dirishani akicheka.

"Jamani, mwanamke mzima analala chini ya gari?"

Akina mama kumi na mmoja walimtazama bila kucheka, na Timiro akamjibu kwa niaba yao wote.

"Ndiyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."